Leseni Unayo, Lakini Je, Nyumba Inaruhusiwa? Biashara ya Nyumbani Meru na Embu

Ukitembea mitaa ya Makutano na Kaaga pale Meru, au ukipita Dallas na Kangaru kule Embu, utakutana na namba ya tili imebandikwa kwenye geti la nyumba ya kawaida. Ndani kuna mtu anaoka keki. Nyumba ya pili kuna cherehani mbili kwenye veranda. Ya tatu, chumba cha mbele kimekuwa kinyozi. Ya nne haina hata bango, lakini kila jioni mitumba inauzwa laivu kutoka sebuleni na bodaboda ndiye anapeleka mzigo.

Tunaelewa kwa nini. Kodi ya duka mjini ni mzigo, nauli inakula faida, na ukiwa nyumbani unaweza kuchapa kazi huku ukiangalia watoto. Ukishapata namba ya kupokea malipo, biashara imeanza.

Kisha siku moja afisa wa kaunti anabisha hodi. Unatoa leseni ya biashara, imelipwa na ni ya mwaka huu. Anaitazama, anarudisha, halafu anauliza: "Na hii nyumba imeruhusiwa kufanyiwa biashara?" Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hawakujua hilo ni swali tofauti.

Makala hii ni ya kukusaidia kulijibu hilo swali mapema, kabla hujanunua mashine, kabla hujachukua mkopo, na kabla hujalipa ada yoyote.

Vibali viwili, maswali mawili

Leseni ya biashara inajibu swali la kwanza: wewe ni nani na unauza nini? Ruhusa ya matumizi ya ardhi inajibu la pili: hapo unapouzia pametengwa kwa kazi gani? Ukiwa na jibu la kwanza, haimaanishi umepata la pili.

Yote mawili yako mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara na pia kazi ya kupanga matumizi ya ardhi. Zamani kazi hizi zilifanywa na mabaraza ya miji, ndiyo maana hadi leo watu huwaita maafisa wa kaunti "kanjo", ingawa mabaraza yenyewe yalikwisha kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Lakini ndani ya kaunti, leseni na mipango ni madawati mawili tofauti. Anayekusanya ada ya leseni anaangalia aina ya biashara yako na ukubwa wake. Afisa wa mipango anaangalia ramani. Unaweza kulipia leseni leo asubuhi bila mtu yeyote kufungua ramani.

Na tuseme wazi kuhusu upande wetu pia: namba ya kupokea malipo tunayokupa haikupi ruhusa ya mahali. Sisi tunathibitisha wewe ni nani. Hatuangalii nyumba yako imetengwa kwa matumizi gani.

Rangi kwenye ramani

Miji hupangwa kwa kanda. Sehemu hii ni ya makazi, ile ya biashara, ile ya viwanda, ile ya shule. Ukiingia ofisi ya mipango ukaona ramani ukutani, rangi zake zina maana. Katika ramani za mipango za Kenya, makazi kwa kawaida huwa kahawia, biashara nyekundu, viwanda zambarau, elimu rangi ya machungwa, na viwanja vya burudani kijani.

Kwa hivyo swali la kuuliza ofisini ni rahisi: "Ploti yangu namba fulani iko rangi gani?"

Kuna jibu moja ambalo litakufurahisha. Katika vituo vingi vya soko nchini, ploti zilitolewa kwa matumizi ya biashara na makazi pamoja: duka mbele, familia nyuma, au duka chini na vyumba juu. Kama uko kwenye ploti ya namna hiyo, iwe ni Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago, sehemu kubwa ya wasiwasi wako imeisha. Lakini usikisie kwa kuona jirani ana duka. Huenda jirani naye hajauliza.

Nje ya mji mambo hubadilika kidogo. Ardhi nyingi huko ni ya kilimo na ni mali ya familia moja kwa moja. Watu hufikiri shamba likiwa lako unaweza kujenga chochote. Sivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahusu mashambani na mijini. Ukitaka kugeuza nyumba ya shambani kuwa karakana ya kuchomelea vyuma, bado unahitaji ruhusa.

Nyumba inageuka biashara lini?

Hili ndilo swali lenyewe. Sheria hiyo ya 2019 haihusu ujenzi tu. Mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo au ardhi pia huhesabiwa kuwa uendelezaji, na uendelezaji unahitaji ruhusa ya kaunti. Anayeuanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Usiogope bado. Neno la kuangalia ni "makubwa". Mwalimu anayesahihisha mitihani mezani hajageuza nyumba kuwa shule. Jiulize maswali haya matano:

1. Je, wateja wanakuja nyumbani, au mzigo unawafuata waliko?
2. Je, umeajiri watu ambao hawaishi hapo?
3. Je, kuna kelele, moshi, harufu au maji machafu yanayofika kwa jirani?
4. Je, umebadilisha jengo, kwa mfano kuvunja ukuta, kuongeza kibanda getini au kuweka bango kubwa?
5. Je, mtu akiingia leo atasema hii ni nyumba yenye kazi ndani, au ni duka lenye kitanda ndani?

Chukua mifano mitatu. Anayeuza mitumba laivu na kutuma kwa bodaboda anajibu "hapana" karibu kila mahali. Nyumba yake bado ni nyumba. Mwenye kinyozi kwenye chumba cha mbele, wateja wakikaa kwenye benchi nje, yuko katikati, na ni vizuri aende kuuliza. Mwenye mashine ya kuchomelea au mtambo wa posho anajibu "ndiyo" kwa mengi. Huyo asianze kabla ya kupata karatasi.

Maswali haya hayachukui nafasi ya afisa wa mipango. Yanakusaidia kujua kama safari ya ofisini ni ya lazima.

Kuna wengine wa kuuliza kabla ya kaunti

Wa kwanza ni landilodi. Soma mkataba wako wa kupanga. Ukikuta maneno kama "kwa makao pekee", basi hata kama kaunti haina shida, landilodi anaweza kukutoa kwa kuvunja mkataba. Zungumza naye: "Mzee, nataka kuanza kushona nguo hapa ndani, sitaongeza mtu wala kubadilisha nyumba." Akikubali, mwombe aandike, hata kama ni mistari miwili yenye tarehe na sahihi. Ujumbe wa simu pia unasaidia kuliko maneno matupu. Usiufute.

Wa pili ni hati ya ardhi, kama nyumba ni yako. Ploti nyingi za mjini ni za kukodishwa kwa miaka kadhaa na zina masharti. Kwenye hati au barua ya kutolewa ploti huwa kuna sehemu inayotaja matumizi. Wengi wamekuwa na hati kabatini miaka mingi na hawajawahi kusoma mstari huo.

Wa tatu ni jirani. Jirani hatoi leseni, lakini mara nyingi ndiye anayeanza malalamiko. Mwambie mapema unafanya nini na saa ngapi utafunga. Ni kazi ya dakika tano.

Biashara zenye masharti ya ziada

*Chakula.* Kama unaoka keki, unapika chapati za kuuza au unatengeneza maziwa lala, afisa wa afya ya umma ana haki ya kuona jikoni. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi 6. Tenganisha vyombo vya biashara na vya familia kama unaweza.

*Kelele.* Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana katika eneo la makazi, na 35 usiku. Mchana unaisha saa mbili usiku. Kwa lugha rahisi, desibeli 50 ni kama mazungumzo ya utulivu. Grainda ya kukata vyuma haiwezi kutoshea hapo hata ukifunga mlango.

*Harufu, moshi na maji machafu.* Sheria ya Afya ya Umma inakataza kusababisha kero inayoweza kudhuru afya ya wengine. Mwenye kuku mia mbili nyuma ya nyumba mtaani akumbuke hilo kabla ya kuongeza vifaranga.

*Pombe.* Hapa usijaribu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inahitaji leseni yake mahususi, na eneo la kuuzia lazima liwe angalau mita 300 kutoka shule yoyote ya watoto walio chini ya miaka 18. Kuuza kimyakimya kutoka jikoni sio biashara ya nyumbani, ni kosa.

*Stima.* Malipo ya stima yana kundi la nyumbani na kundi la biashara ndogo. Ukiweka oveni kubwa au mashine nzito, uliza mapema uko kundi gani. Fundi wa stima akague nyaya pia. Nyaya za nyumba ya kupanga hazikuwekwa zikifikiria karakana.

Ukitaka kubadilisha matumizi

Tuseme umeuliza, na jibu ni kwamba ploti ni ya makazi na biashara yako ni kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Bado kuna njia. Mwenye ardhi anaweza kuomba kaunti ibadilishe matumizi. Ombi hulipwa na mwenye ardhi, sio mpangaji, kwa hiyo kama umepanga huwezi kulifanya peke yako.

Ombi huandaliwa kwa msaada wa mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Utahitaji nakala ya hati na uthibitisho kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Umma nao lazima uarifiwe, ndiyo maana huwa unaona bango dogo limesimamishwa kwenye ploti likisema kuna pendekezo la kubadilisha matumizi. Ukiona bango kama hilo karibu na kwako, una haki ya kutoa maoni pia.

Sheria inaweka muda. Kama siku 60 zimepita tangu upeleke ombi na hujapata jibu la maandishi, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Lakini siku hizo zinahesabiwa kutoka tarehe unayoweza kuonyesha. Siku ya kupeleka ombi, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe.

Fikiria gharama pia. Matumizi yakibadilika kuwa ya biashara, kodi ya ardhi ya kila mwaka inaweza kupanda. Kwa kinyozi cha kiti kimoja, huenda ikawa nafuu kukodi kibanda kwenye kituo cha soko kuliko kubadilisha ploti nzima. Kwa familia inayotaka kujenga maduka manne ya kukodisha, hesabu ni tofauti.

Ukipewa notisi

Notisi ya kaunti ni karatasi inayosema umekosea nini na unatakiwa kurekebisha nini, kwa tarehe fulani. Usiitupe, na usimfokee aliyeileta.

Una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango ya ardhi. Siku hizo 14 pia ndizo unazopewa kama uliomba ruhusa ukakataliwa. Usiporidhika na kamati, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Piga picha ya notisi siku hiyohiyo, andika tarehe uliyoipokea, na uanze kuhesabu. Siku 14 huisha haraka ukiwa unahangaika.

Hapa ndipo pesa inauma. Tuseme umekopa shilingi 80,000 kwa simu ukanunua oveni. Notisi ikija, oveni itazimwa, lakini mkopo hautazimwa. Marejesho yanaendelea kila wiki huku hakuna keki inayotoka. Ndiyo sababu tunasisitiza mpangilio: uliza mahali kwanza, kopa baadaye.

Kulipa bila kuliwa

Ada za kaunti ni mahali ambapo watu hupoteza pesa kwa urahisi, kwa sababu wengi hulipa wakiwa na hofu. Shika mambo haya:

*Kila ada ina sheria nyuma yake.* Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha yenye orodha ya ada. Ada ya Embu sio lazima ilingane na ya Meru, hata kwa biashara ileile. Ukiambiwa kiasi, uliza kiko kwenye kipengele gani. Sio ukorofi, ni haki yako.

*Leseni ni ya mahali.* Ukihama kutoka Runyenjes kwenda Nkubu, umehama kaunti. Leseni ya zamani haihami na wewe.

*Lipa kwa namba ya kaunti, sio ya mtu.* Pesa za kaunti huingia kwenye akaunti ya kaunti. Upande wa Meru kuna Bodi ya Mapato ya Kaunti ya Meru. Upande wa Embu, nenda kwenye ofisi za mapato za kaunti. Pata bili yenye namba ya kumbukumbu kwanza, ndipo ulipe. Mtu akikuambia "tuma kwa laini yangu nitakushughulikia", hiyo sio ada.

*Soma jina kabla ya kuweka PIN.* Jina la mpokeaji likiwa la mtu binafsi, simama. Ukishakosea, tupigie mara moja. Pesa ikitolewa na aliyeipokea, kuirudisha huwa vigumu.

*Ujumbe wa malipo sio kibali.* Ujumbe unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako na imefika. Kibali ni karatasi, au hati ya mtandaoni, inayotaja jina lako, biashara yako, mahali na muda. Usiondoke bila kujua utaipata lini. Na ujumbe usiufute. Pakua taarifa ya miamala yako mara moja kwa mwezi na uihifadhi mahali pengine, simu ikipotea usipoteze ushahidi.

Mpangilio wa kufuata

1. Tafuta namba ya ploti unayoishi. Kama umepanga, muulize landilodi.
2. Soma mkataba au hati, utafute mstari unaotaja matumizi.
3. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti, mjini Meru au mjini Embu, au uanze na ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu. Eleza biashara yako ilivyo: wateja wangapi, mashine gani, saa ngapi. Usipunguze mambo ili upate jibu tamu.
4. Omba jibu kwa maandishi. Ukipata la mdomo, andika jina la ofisi na tarehe.
5. Pata idhini ya landilodi kwa maandishi, kisha zungumza na majirani.
6. Kama ni chakula, maliza mambo ya afya.
7. Sasa lipia leseni, kwa bili, kwa namba rasmi.
8. Baada ya hayo yote, nunua mashine au chukua mkopo.

Hatua ya 3 ndiyo watu huruka, kwa sababu wanaogopa kwamba kuuliza ni kujishtaki. Kwa biashara ndogo isiyosumbua mtu, mara nyingi mazungumzo hayo huwa mafupi. Na kama jibu ni "hapana", ni afadhali ulisikie ukiwa bado na akiba yako kuliko ulisikie oveni ikiwa tayari jikoni.

Ukitaka kutenganisha pesa za biashara na za nyumbani unapoanza, fungua namba ya tili kupitia menyu ya biashara kwenye simu yako au tembelea wakala aliye karibu. Ukiwa na swali kuhusu malipo uliyofanya kwa kaunti, tupigie ukiwa na namba ya muamala mkononi. Tutakuambia pesa ilikwenda wapi.